Mkono Uliopotea Lamboni

Nyamahanga, Biharamulo
3 Agosti 2025

Mpwa wangu Tecla,

Kwa barua hii natangaza rasmi, nikiwa na akili timamu na bila kushurutishwa na mtu yeyote, kwamba leo asubuhi, saa tatu kasorobo, mkono wangu wa kulia ulitoweka.

Usimpigie simu mkaza mjomba wako. Mkono umesharudi. Ndio ulioandika tangazo hili.

Jambo lenyewe ni hivi. Kile kijitabu cha ufugaji wa samaki nilichogawiwa kwenye maonyesho ya Nanenane mwaka juzi kinasema, ukurasa wa kumi na moja: ingiza mkono majini hadi kiwiko. Ukiviona vidole, maji yako ni maskini. Usipoviona, maji yana chakula, samaki wanashiba, nawe nenda zako nyumbani. Tangu Mei nimekuwa nikiingiza mkono kwenye lambo la kijiji kila siku, na kila siku vidole vitano vinanitazama. Leo nimeona kiwiko, na baada ya kiwiko kijani tupu, kijani cha mlango wa zahanati. Nimeandika daftarini: "Mkono haupo."

Unajua mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya lambo. Mwezi wa nne Marcel wa bodaboda alituletea vifaranga mia sita wa sato kutoka Ngara, katika madumu mawili. Aliwamimina wakati mimi nasoma hotuba, kwa hiyo sikuwaona vizuri, lakini walioona wanasema walishuka kwa utulivu wa kupigiwa mfano. Hakuna aliyeruka. Wengine walibaki juu juu, wakipumzisha uchovu wa safari.

Ili wasisumbuliwe, nimezungushia miiba pande tatu za lambo. Upande wa magharibi nimemwachia Luhende, yule mfugaji aliyehamia kutoka Shinyanga, mwenye ng'ombe arobaini na dharau kwa samaki. Anasema kitu kisicholia kikichinjwa si mfugo.

Watu wananiuliza maji yamepataje rangi hii. Nawajibu kwamba ni utaalamu. Huo siuandiki hapa, maana barua hii anaibeba Clever, kondakta wa basi, naye husoma. Clever, kama umefika hapa, rudi kwenye abiria wako.

Juvenali peke yake hakufurahi. Unamkumbuka, Mhangaza mwenzangu mwenye bustani ya nyanya chini ya tuta la lambo. Ametazama maji akasema, "Idefonsi, haya maji yanafanana na mtu anayeumwa." Nimempuuza. Juzi nilimfunga drafti mara tatu, bado ana uchungu.

Na wewe huko baharini? Nimewaambia watu hapa kwamba kazi yako ni kupima chaza. Wameniuliza chaza anaumwa nini.

Mjomba wako,
Idefonsi
M/kiti, Kamati ya Lambo


Bagamoyo
11 Agosti 2025

Shikamoo mjomba,

Barua imefika ikiwa imekunjwa upya, na pembeni mtu ameandika kwa kalamu nyekundu: "Shikamoo mzee, abiria wako salama."

Hongera kwa mkono. Chaza haumwi, mjomba, na tatizo liko hapo hapo. Chaza hukaa mahali pamoja akichuja maji ya bahari siku nzima. Ndani ya maji hayo kuna mwani mdogo sana, hauonekani kwa macho, na baadhi ya aina zake zina sumu. Chaza anaula na hana habari. Anayemla chaza ndiye anayepata habari. Ni kama mbeba umbea: yeye hulala vizuri, wanaoupokea ndio wanaoumwa tumbo. Kazi yangu ni kufuatana na akina mama wanaookota chaza maji yakitoka, nikiwaomba wachache wa kupima. Mmoja aliniambia wiki iliyopita, "Mwanangu, bahari hii imenilisha tangu sijaota meno, leo wewe na kichupa chako mnaitilia shaka?" Nikamwambia ndiyo, mama, na nipe watano.

Sasa nijibu, na unijibu bila hotuba. Hicho kijani kinaelea juu, kama rangi iliyomwagika? Upepo ukivuma, kinasogea? Kikikauka ukingoni, kinaacha alama ya bluu? Kinanuka? Nauliza kwa sababu mwani wa sumu hauko baharini tu. Maziwa na malambo yanao wa kwao, na huo huua mnyama kabla hajafika nyumbani.

Mpaka utakaponijibu, ng'ombe wasinywe hapo, wala watoto wasioge. Kuchemsha maji hakusaidii. Moto unaua mwani, sumu inabaki ndani ya sufuria ikikutazama.

Na mjomba, huo utaalamu wako ni upi?

Mpwa wako,
Tecla


Nyamahanga
19 Agosti 2025

Mpwa wangu,

Barua yako ilifika tarehe kumi na tano. Ingefika kumi na tatu ingekuwa na faida zaidi, lakini basi liliharibika njiani na simlaumu Clever.

Majibu. Kinaelea. Kinasogea na upepo. Kinaacha alama ya bluu. Kinanuka kama zizi lililofungiwa. Yote haya nilikuwa nimeshayaandika daftarini kabla hujauliza, ila sikujua kama ni maswali.

Alhamisi tarehe kumi na nne ng'ombe wanne wa Luhende walikunywa saa nne, wakatembea hatua kama mia mbili, wakaanza kutetemeka, wakalala. Hawakuamka. Mbwa wake aliyeogelea kisha akajilamba manyoya, naye alifuata jioni. Bwana mifugo alikuja akatazama, akasema, "Hii ni sumu." Akaondoka na pikipiki yake. Maneno matatu tu, lakini ona yalivyofanya kazi. Watu waligeuka wote kwa pamoja wakatazama bustani ya nyanya.

Maana hapa Nyamahanga mwenye sumu anajulikana. Juvenali hupulizia nyanya dawa, na kuna watu walimwona akisuuza bomba lake la dawa ukingoni mwa lambo. Mwenyewe hakukataa.

"Nilisuuza," alisema. "Kila mwaka nasuuza. Mwaka jana mbona hamkufa?"

"Mwaka jana ng'ombe wangu walikula mahindi yako," Luhende akamjibu. "Mwaka huu umelipiza."

Mkutano wa kijiji ni Jumapili tarehe saba Septemba. Luhende anataka Juvenali ahame Nyamahanga, yeye na watoto wake sita, na asipohama ng'ombe thelathini na sita waliobaki watapitishwa kwenye nyanya, ambazo ndiyo kwanza zinaanza kuiva. Luhende si mtu wa maneno mengi, na watu wanaomuunga mkono ni wengi.

Mimi kama mwenyekiti sina upande. Nimetoa tamko kwamba kamati inafuatilia.

Nimechunguza jambo moja. Siku hizi upepo unatoka mashariki, unausukuma ule utando wote kwenye pembe ya magharibi, unakuwa mzito kama uji. Waliokufa walitangulia kunywa, wakanywa pale. Waliochelewa walizunguka, wakapenya penye mwanya wa miiba upande wa kusini. Hao wako hai, wanatafuna. Dawa ya nyanya isingechagua pembe.

Kuhusu utaalamu: hauhusiani.

Mjomba,
Idefonsi


Nyamahanga
20 Agosti 2025

Mwanangu Tecla,

Hujambo. Sisi wazima. Mimi si mwandishi, nitakuwa mfupi.

Mjomba wako alichukua mbolea ya ruzuku tuliyopata kwa ajili ya mahindi, mifuko miwili, mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia, akaimwaga yote lamboni mwezi wa tano. Aliniambia kijitabu kimesema samaki wanahitaji mbolea. Nikamuuliza kijitabu kimesema mifuko miwili? Akasema kijitabu kinazungumzia bwawa dogo, yeye amekadiria.

Mahindi yangu yamekuwa ya njano, lambo likawa kijani.

Mifuko mitupu ameificha chini ya kitanda. Ameifua kwanza. Hali chakula vizuri. Ubao wa drafti ameugeuza unatazama ukutani. Juvenali anapita hapa kila siku kumsalimu, anasema "Idefonsi, wewe una akili, nitetee Jumapili ile," na mjomba wako anamjibu kwamba kamati inafuatilia.

Mimi simsemei mume wangu kwa watu. Wewe si watu.

Mkaza mjomba wako,
Rozina


Bagamoyo
25 Agosti 2025

Shikamoo mjomba,

Pole kwa yote. Uchunguzi wako wa upepo ni mzuri. Hapa kwenye kituo chetu cha utafiti kuna wenye vyeti ukutani ambao wasingetazama ng'ombe waliobaki hai.

Sasa fanya hivi. Tafuta chupa mbili ndogo safi zenye vifuniko. Jaza zote kwenye pembe ya magharibi, ukivaa mifuko ya plastiki mikononi. Nasema ukivaa, mjomba, usiingize tena mkono mtupu humo. Ya kwanza tia matone matano ya iodini ya zahanati, ili mwani usiharibike nipate kuutazama kwa hadubini. Ya pili usitie kitu, izungushie kitambaa cheusi, iweke kwenye barafu. Mpe Clever. Mwambie si togwa.

Mkuu wangu amekubali nitumie vipimo vyetu vya chaza. Ameuliza tangu lini Biharamulo ikawa na bahari. Nimemwambia tangu Mei.

Nilisema tangu Mei kwa sababu mtu mmoja ameniandikia. Sitamtaja, ila mahindi yake ni ya njano.

Kipimo kitasema ndani ya maji kuna nini. Hakitasema nani alikiita. Hiyo si kazi ya kituo chetu, ni kazi ya ule mkono wako.

Tecla


Nyamahanga
29 Agosti 2025

Tecla,

Chupa mbili hizi hapa. Barafu ya kawaida haikupatikana Biharamulo mjini. Nimenunua zile barafu za ukwaju wanazouziwa watoto stendi, arobaini na tano, nikazipanga kwenye ndoo. Zikifika pungufu, muulize Clever.

Nilichota mimi mwenyewe. Juvenali alinishikia kamba nisiteleze. Hakuniuliza kitu. Alisema tu, "Vaa ule mfuko vizuri, unavuja kidoleni."

Kuhusu mahindi ya njano, ni ukame.

Idefonsi


Bagamoyo
3 Septemba 2025

Shikamoo mjomba,

Ndoo imefika na barafu ishirini na nane. Clever anasema njiani kulikuwa na joto.

Barua hii isome mkutanoni. Nimeiandika ili isomwe.

Maji ya pembe ya magharibi ya lambo la Nyamahanga yana mwani wa sumu. Kwenye hadubini unaonekana kama shanga za rozari zilizokatika, maelfu kwa maelfu. Kipimo cha sumu kilijaa mpaka mwisho. Tuliyapunguza makali kwa maji safi mara tatu ndipo kikaweza kusoma. Kiasi hicho kinaua ng'ombe. Vipimo vyetu haviwezi kuona dawa ya nyanya, kwa hiyo sisemi haimo. Nasema ng'ombe hawa hawakuihitaji ili wafe.

Mwani huu huzaliana unapopata mambo matatu: jua, maji yaliyotulia, na chakula kingi. Jua na kutulia kwa maji ni vya kila kiangazi. Chakula huletwa.

Samaki wowote wa humo wasiliwe mpaka maji yatakapotakata na nitakapopima tena.

Barua inaishia hapo. Mengine unayo wewe.

Tecla


Nyamahanga
9 Septemba 2025

Kwa binti Tecla wa Bagamoyo,

Mimi ni Luhende. Anwani nimepewa na mama Rozina. Ng'ombe waliokufa walikuwa wangu, kwa hiyo nimeona nikueleze mwenyewe jinsi ilivyokuwa, maana mjomba wako ataeleza kwa kuzunguka.

Watu walijaa mpaka kwenye ngazi za ofisi ya kijiji. Juvenali alikaa mbele na mke wake na watoto wote sita, wamevaa nguo za kanisani. Mtendaji alifungua mkutano. Mjomba wako akasimama, akavaa miwani, akasoma barua yako. Anasoma vizuri. Alipofika kwenye shanga za rozari wanawake walifanya ishara ya msalaba. Alipomaliza watu walipiga makofi, na mtendaji akasema basi, ni mambo ya Mungu, Juvenali aombwe radhi twende nyumbani.

Mjomba wako alikunja karatasi, akakaa.

Mimi nikanyoosha mkono. Nikasema: mimi sikusoma sana, lakini hiyo barua nimeisikia. Imesema chakula huletwa. Nimekaa hapa miaka kumi na saba. Kiangazi kimekuja mara kumi na saba. Maji hayajawahi kuwa na rangi ile. Nani alileta chakula?

Ndipo nikaona watu wanamtazama mama Rozina. Alikuwa amekaa chini upande wa wanawake, na wenzake wote wametandika khanga. Yeye alikuwa ametandika mifuko miwili ya mbolea. Safi sana. Maandishi yamegeukia juu.

Mjomba wako naye aliiona. Akasimama tena. Hakuvaa miwani. Alikunja mkono wa shati la kulia mpaka kwenye kiwiko, akauinua juu, akasema:

"Ni huu."

Kisha akasema yote. Mbolea, kijitabu, ukurasa wa kumi na moja, na miiba, kwamba ni yeye aliyewaachia ng'ombe wangu pembe ile moja tu. Akasema alijua tangu siku barua yako ya kwanza ilipofika, na siku zote hizo alimwacha Juvenali aitwe muuaji kwa sababu aliona aibu kuitwa mjinga. Alisema hivyo hivyo. Mimi nilikuwa nimekuja na hasira ya kumpa mtu. Nilitafuta pa kuiweka nikakosa.

Juvenali alisimama. Tulidhani atampiga. Akasema, "Idefonsi, zile drafti tatu ulizonifunga zimefutwa."

Mtu mmoja alicheka nyuma, kisha wote.

Nilimwomba Juvenali radhi mbele ya watoto wake. Alipokea, lakini alisema ng'ombe wangu wakiingia kwenye nyanya zake kwa bahati mbaya tutarudi hapa hapa. Nikakubali.

Mkutano umeamua hivi. Miiba iondolewe. Mjomba wako awanyweshe ng'ombe wangu kwa maji ya kisima cha pampu, kwa mikono yake, mpaka mvua. Jana amepampu kutwa nzima, ng'ombe wanamtazama. Wanapenda. Na kwa kuwa yeye hana ng'ombe wa kunilipa, samaki wote wa lambo ni wangu. Mimi niliyesema samaki si mfugo, leo nina mifugo mia sita. Nimewaandikia ndugu zangu Shinyanga waje siku ya kuvua. Wewe umesema tusubiri maji yatakate. Nitasubiri.

Ng'ombe wale wanne nilikuwa nawajua mmoja mmoja. Nakushukuru umeniambia kilichowaua.

Luhende


Nyamahanga
2 Novemba 2025

Mpwa wangu Tecla,

Mvua zimeanza vizuri, lambo limefurika mara mbili likajisafisha. Kipimo chako cha pili kilichosema sumu imekwisha tumekibandika kwenye mlango wa ofisi. Leo asubuhi nimeingiza mkono, kwa ruhusa yako, nikaona vidole vitatu. Viwili vimezuiwa na tope la kawaida, ambalo halijawahi kumwua mtu.

Juvenali amevuna nyanya zote. Kreti ya mwisho ameileta hapa nyumbani, akaiweka mlangoni bila salamu, kisha akarudi akauliza kama ubao bado umetazama ukuta. Amenifunga mara tano. Sikumwachia hata moja, na yeye anajua. Mimi si mwenyekiti tena. Mwenyekiti ni yeye. Amri yake ya kwanza ni kwamba hakuna mtu kusuuza chochote lamboni, hata yeye, na amri ya pili ni kwamba kijitabu changu kikae ofisini chini ya kufuli.

Mkaza mjomba wako hajasema neno juu ya ile mifuko, nami sijauliza. Ameishonea masikio, anabebea viazi.

Jana ilikuwa siku ya kuvua. Luhende alikuja na ndugu kumi na wawili kutoka Shinyanga, wamevaa vizuri. Wavu tuliuazima Chato kwa wavuvi wa ziwani. Wanawake waliweka masufuria manne motoni kabla hatujaanza, kwa imani. Niliombwa nisitoe hotuba, nikakubali.

Tulikokota mara ya kwanza tukapata ndala moja ya mguu wa kushoto. Mara ya pili, vyura na tawi la miiba yangu. Luhende akasema wamejificha, tukokote kutoka magharibi. Tukakokota kutoka magharibi. Nikamwambia labda wameshajifunza kuruka wavu. Mara ya nne Juvenali mwenyewe aliingia mpaka kifuani, akapapasa chini kwa miguu, akatoka.

"Humu hamna kitu," alisema.

Tumekula viazi. Luhende amecheka mpaka akakaa chini, na ndugu zake wakacheka kwa sababu yeye anacheka. Nitaendelea kuwanywesha ng'ombe wake, safari hii kwa hiari. Nilianza kuandika daftarini kwamba sumu ndiyo iliyowaua samaki, au korongo waliwala, au walitoka na mafuriko. Nimeandika sababu saba, zote nzuri, na nilitaka uzipitie kitaalamu.

Mjomba wako,
Idefonsi

N.B. Nimemkuta Marcel stendi wakati naileta barua hii. Anasema vifaranga wote walikufa njiani, Benaco.